Uzi: Kuchagua bima ya nyumba Lubumbashi, tuanzie kwenye bei au kwenye yale ambayo mkataba haulipi?

Mkaaji wa Bel-Air aliandika:

Ndugu zangu wa Lubumbashi na wa miji mingine, nawasalimu. Mimi na mke wangu tumemaliza kujenga nyumba yetu katika mtaa wa Bel-Air: vyumba vinne na sebule, kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati juu ya mbao, uzio wa matofali, na nyumba ndogo ya uani wanamoishi wazazi wangu. Kwa kuwa karibu kila tulichokuwa nacho kimeingia katika kuta hizo, tumeamua kuzikatia bima kabla ya mvua za Novemba.

Tumepokea mapendekezo matatu kutoka kampuni tatu. La kwanza ni la bei ndogo kuliko yote na linafunika moto, radi na mlipuko tu. La pili linaongeza dhoruba, maji, wizi na hitilafu za umeme. La tatu lina hayo yote pamoja na dhima kwa majirani, yaani kuwalipa hasara niliyowaletea, lakini ada yake inakaribia mara mbili ya ile ya pili. Mawakala wote watatu waliniuliza swali moja, yaani nyumba ina thamani gani, nami niliwapa bei ambayo ningeiuzia leo pamoja na kiwanja chake. Sitafuti jina la kampuni. Nataka kujua mtu anapaswa kutazama nini kwanza, na ningefurahi zaidi kusikia kutoka kwa wale waliokwisha kusoma mkataba wa namna hii hadi ukurasa wa mwisho.

Wakala Mstaafu alijibu:

Ndugu, umefanya vema kuuliza kabla ya kutia sahihi. Nimefanya kazi ya bima katika mji huu tangu wakati ambapo SONAS, kampuni ya bima ya Serikali, ilikuwa peke yake sokoni, na niliendelea baada ya Sheria ya Bima ya tarehe 17 Machi 2015 kufungua mlango kwa kampuni binafsi, ambazo zilianza kupata vibali mwaka 2019. Ushindani umeleta uchaguzi, na uchaguzi unamdai mwenye nyumba asome zaidi kuliko zamani.

Kabla ya kulinganisha mapendekezo hayo, rekebisha kiasi ulichowapa mawakala, kwa sababu kiasi hicho kikikosewa hata mkataba bora utakuangusha. Bei ya kuuza nyumba pamoja na kiwanja haihusiani na bima. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo wa nchi hii ni mali ya Serikali, na cheti chako cha uandikishaji kinakupa haki ya kuutumia. Lakini hata pasipo sheria hiyo, moto hauteketezi ardhi. Kinachokatiwa bima ni jengo, na kiasi chake ni gharama ya kulijenga upya kutoka kwenye msingi, kwa bei za leo za vifaa na mafundi. Katika mitaa ambamo viwanja vimekuwa ghali, mtu anayetaja bei ya kuuza hulipia bima ya udongo bure mwaka baada ya mwaka, kwa sababu siku ya hasara kampuni italipa hasara iliyotokea na si zaidi. Katika mitaa ya pembeni mambo hugeuka: kiwanja ni cha bei ndogo, nyumba ni kubwa, na bei ya sokoni huwa chini ya gharama ya kujenga. Hapo ndipo hatari ilipo.

Hatari yenyewe inaitwa kanuni ya uwiano, na naomba kila mwenye nyumba aielewe. Tuseme kujenga nyumba yako upya kungegharimu dola 60,000, nawe umeikatia bima ya dola 30,000 ili upunguze ada. Moto unaunguza jiko na chumba kimoja, hasara ni dola 20,000. Wengi hudhani kwamba watalipwa 20,000 kwa kuwa ziko chini ya 30,000. Sivyo. Kampuni itasema ulikata bima ya nusu ya nyumba, kwa hiyo utalipwa nusu ya hasara, yaani dola 10,000, na humo itatolewa bado ile sehemu ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe. Nimewaona watu wazima wakilia ofisini kwa sababu ya hesabu hiyo, nao walikuwa wamelipa ada zao kila mwaka bila kuchelewa.

Fundi wa Katuba alijibu:

Naunga mkono maneno ya Mzee, nami nitaongeza upande wa ujenzi, kwa sababu ndiko ninakopata mkate wangu.

Usikadirie gharama ya kujenga upya kwa kujumlisha risiti zako za zamani. Wengi wetu hujenga kidogo kidogo kwa miaka mingi: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mabati baadaye wakati mtoto aliye Kolwezi akituma pesa. Ukijumlisha risiti hizo unachanganya bei za nyakati tofauti, tena unasahau kazi ambayo ndugu zako walikusaidia bila malipo. Baada ya moto utajenga kwa miezi michache na utalipa kila kitu kwa bei ya siku hiyo. Vifaa vingi vya kumalizia vinatufikia kwa kupitia Kasumbalesa, na malori yakizuiliwa mpakani bei hupanda dukani siku hiyo hiyo.

Mwite fundi au msanifu, apime nyumba kwa mita za mraba, aandike kiasi cha kazi kwa kila sehemu: msingi, kuta, paa, dari, milango, mabomba, umeme, rangi. Ahesabu pia gharama ya kubomoa kuta zilizoungua na kuondoa kifusi, kwa kuwa hakuna anayeikumbuka na si ndogo hata kidogo. Uzio na nyumba ya uani viandikwe kwa majina yao. Nimeona mkataba uliotaja “nyumba ya kuishi” tu, na ukuta wa uzio ulipoangushwa na upepo, mwenye nyumba akaambiwa ukuta haukuwamo.

Baada ya kusema hayo, naomba niulize kwa moyo mweupe: je, si afadhali fedha hizo za ada tuziweke katika likelemba ya familia? Ndugu kumi wakichanga kila mwezi, mmoja akipatwa na shida anasaidiwa bila kusomewa ukurasa wa ishirini.

Wakala Mstaafu alijibu:

Ndugu Fundi, swali lako ni la haki, na jibu lake ndilo linaloamua namna ya kuchagua.

Likelemba inaweza kubadilisha mabati kumi yaliyorushwa na upepo, mlango uliovunjwa, friji iliyoungua. Haiwezi kujenga nyumba nzima, na ikijaribu itawafilisi wote kumi. Kwa hiyo viache viwili hivyo vifanye kazi pamoja. Hasara ambayo familia inaweza kuibeba bila kuuza kitu, ibebe yenyewe. Hasara ambayo ingewatoa watoto shuleni na kuwarudisha wazazi katika kupanga, hiyo ipeleke kwenye bima, na uifunike kwa kiasi kamili.

Katika mkataba wenyewe, jambo hilo linaonekana kwenye sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, ambayo mawakala wetu wanaiita franshizi. Ukikubali franshizi kubwa zaidi, ada hupungua. Fedha utakazookoa hapo zitumie kuinua kiasi cha jengo hadi gharama halisi ya kujenga upya. Watu wengi hufanya kinyume: wanadai franshizi ndogo ili walipwe hata kwa kioo cha dirisha, huku jengo lenyewe likibaki limefunikwa nusu. Sijui kosa jingine lililo la kawaida hivyo na lenye madhara makubwa hivyo.

Mama wa Kampemba aliandika:

Nawashukuru, baba zangu. Mimi nina nyumba ya kuishi na vyumba vitatu vya uani ambavyo ninavipangisha, na ningependa mwanzisha uzi afikirie watu wanaoishi katika kiwanja chake, wala asitazame kuta peke yake.

Mwaka mmoja mpangaji wangu aliiacha mbabula, yaani jiko la mkaa, yenye makaa ya moto karibu na pazia, akatoka kwenda kuchota maji. Moto ulikula chumba chake, ukaruka ukuta na kuunguza paa la jirani. Bima yangu ya wakati ule ilikuwa ya moto, na ililipa chumba changu. Lakini jirani alikuja na madai yake, na mkataba wangu haukuwa na neno hata moja kuhusu mali ya mtu mwingine. Tulizungumza kwa miezi mingi mbele ya wazee na mbele ya mwanasheria, na mwisho nililipa sehemu kubwa kutoka mfukoni mwangu kwa sababu mpangaji hakuwa na kitu.

Baadaye mwanasheria huyo alinieleza kwamba kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya raia kinamtaka yeyote aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake airekebishe, na kwamba hiyo ndiyo sababu mikataba mizuri huwa na sehemu mbili ambazo wengi hawazisomi: dhima ya mwenye nyumba kwa majirani, na dhima ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Tangu hapo wapangaji wangu wanaingia kwa sharti la kuwa na bima yao ndogo ya mpangaji, ambayo inafunika pia vyombo vyao, kwa maana bima yangu mimi haifuniki godoro la mpangaji wala redio yake.

Jambo la pili ni matumizi ya nyumba. Binamu yangu alimruhusu kijana mmoja kuchomelea vyuma katika gereji ya nyumba yake. Kwenye mkataba iliandikwa kwamba nyumba ni ya kuishi tu. Moto ulipotokea, kampuni ilipunguza fidia kwa hoja kwamba hatari haikuwa ile iliyotangazwa, na kwa kweli haikuwa ile. Ukiuza petroli kwenye chupa mbele ya nyumba, ukiwa na duka, saluni, jenereta au betri za sola, vitangaze. Ada itapanda kidogo, lakini mkataba wako utasimama.

Mkaaji wa Goma aliandika:

Nawaandikia kutoka kaskazini, ambako tuna somo jingine. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano Nyiragongo ulipasuka, na lava ikateremka hadi Buhene, kwenye ukingo wa mji, ikafunika maelfu ya nyumba. Mwezi Januari 2002 ilikuwa imepita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Baada ya mlipuko wa 2021 ardhi iliendelea kutikisika kwa siku kadhaa, na kuta nyingi zilipasuka katika mitaa ambayo lava haikuifikia kabisa.

Mikataba ya kawaida ya moto huwa inatenga tetemeko la ardhi na mlipuko wa volkano, hata kama lava inaunguza nyumba mbele ya macho yako. Mtu husoma neno “moto” kwenye ukurasa wa kwanza na kuridhika, kumbe ukurasa wa tisa unasema moto unaotokana na volkano haumo. Nyongeza ya maafa ya asili, ikiwa inauzwa, huombwa kwa jina na kulipiwa kando. Tena iulizwe waziwazi nini hutokea ikiwa kiwanja chenyewe kimefunikwa na mwamba na haiwezekani kujenga pale pale, kwa kuwa mikataba mingine huitaka nyumba ijengwe upya mahali palepale ndipo ilipe thamani kamili. Ndugu zetu wa Bukavu wanaoishi kwenye miteremko wajiulize vivyo hivyo kuhusu maporomoko ya udongo, na kuhusu tetemeko kama lile la tarehe 3 Februari 2008.

Ninyi wa Lubumbashi hamna volkano. Lakini mna mambo yenu yanayotengwa, nami ningeyatafuta kabla ya kutazama bei.

Wakala Mstaafu alijibu:

Ndugu wa Goma amesema kweli, na pole kwa yote mliyopitia. Nitaeleza yale yanayotuhusu sisi.

La kwanza ni fujo. Wazee wa mji huu wanaukumbuka uporaji wa mwaka 1991. Vita na uasi hutengwa karibu kila mahali, lakini mgomo, ghasia na vurugu za umma huweza kuongezwa kwa malipo ya ziada. Anayeishi karibu na barabara kuu au mwenye duka mbele ya nyumba aulize bei ya nyongeza hiyo.

La pili ni umeme, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa ndilo linalotugusa kila wiki. Umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu nyingi, huunguza televisheni, friji na pampu ya kisima. Bima ya moto hulipa pale penye mwako wa kweli. Kifaa kilichoharibika ndani bila mwali wa moto hakilipwi, isipokuwa sehemu ya hitilafu za umeme imeandikwa, na mara nyingi sehemu hiyo ina kikomo chake, inatenga vifaa vilivyopita umri fulani, na hutaka nyumba iwe na kinga ya umeme iliyofungwa na fundi anayejulikana. Ikiwa kikomo ni kidogo kuliko bei ya friji moja, sehemu hiyo inapamba mkataba tu, nawe afadhali ununue kidhibiti umeme kizuri.

Dhoruba nayo ina masharti. Kampuni huuliza kama paa lilikuwa limefungwa ipasavyo, na mbao zilizoliwa na mchwa zitakuwa hoja dhidi yako. Mchwa wenyewe, unyevu unaopanda ukutani, na nyufa zinazokuja polepole havilipwi na mtu yeyote, kwa sababu bima inahusu jambo la ghafla. Katika nchi yetu hii ya vichuguu, dawa ya mchwa kabla ya kupaua ni sehemu ya bima yako, ingawa hailipwi kwa wakala.

Kuhusu wizi, tazama maneno mawili: kuvunja na kutokuwepo. Mikataba mingi hulipa pale penye alama za kuvunja au ushahidi wa kutishwa, na husimamisha kinga ikiwa nyumba imekaa tupu kwa muda mrefu kuliko siku zilizoandikwa. Fedha taslimu kwa kawaida hazimo, au zina kikomo kidogo sana, na vito vya thamani hutajwa kimoja kimoja.

Mwisho, uliza kama fidia inalipwa kwa thamani ya kipya au baada ya kutoa uchakavu. Tofauti hiyo peke yake inaweza kueleza kwa nini pendekezo la kwanza ni rahisi. Paa la miaka kumi na mitano lililotolewa uchakavu halitakununulia hata nusu ya mabati mapya.

Mkaaji wa Bel-Air aliandika:

Mzee, Mama, ndugu Fundi na ndugu wa Goma, nimewasoma mara mbili pamoja na mke wangu. Leo nimerudi kusoma yale mapendekezo matatu kwa macho mengine. La kwanza hutoa uchakavu na halitaji uzio. La tatu lina dhima kwa majirani, lakini kumbe sehemu kubwa ya ada yake inatokana na wizi wa vito, ambavyo hatuna. La pili linalipa thamani ya kipya kwa jengo, lakini halina dhima.

Nafikiria kurudi kwa kampuni ya pili na kuomba dhima kwa majirani iongezwe, wizi upunguzwe, franshizi ipandishwe, na kiasi cha jengo kiwe kile atakachoandika fundi. Nina maswali mawili. Je, kiasi kiandikwe kwa dola au kwa faranga? Na nitajuaje kwamba kampuni hiyo ina kibali halali?

Wakala Mstaafu alijibu:

Andika kwa dola, madamu saruji na mabati tunavinunua kwa bei inayofuata dola. Mkataba wa faranga unaoandikwa mwezi wa kwanza unaweza kuwa umepungukiwa kufikia mwezi wa kumi na mbili, na ile kanuni ya uwiano haitauliza kosa lilikuwa la nani. Hakikisha pia kwamba fidia, sawa na ada, imeandikwa kwa fedha ileile.

Kuhusu kibali, mamlaka inayosimamia bima nchini ni ARCA. Ndiyo inayotoa vibali kwa kampuni na pia kwa mawakala na madalali, kwa hiyo mdai wakala nambari ya kibali chake na cha kampuni, kisha uvithibitishe ARCA. Mtu mwenye kibali haoni aibu kukionyesha. Ada ilipwe kwa kampuni kwa risiti yenye jina lako na nambari ya mkataba, isipitie mikononi mwa mtu kwa ahadi ya risiti ya kesho, na usome ni tarehe na saa gani kinga inaanza.

Maombi yako ya kubadilisha pendekezo ni ya kawaida kabisa. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza bei ya kila sehemu peke yake. Wakala akikataa kuzitenganisha, nenda kwa mwingine.

Mama wa Kampemba alijibu:

Naongeza moja tu, mwanangu. Piga picha kila chumba, kila kifaa pamoja na nambari yake, na risiti zote, uzitume kwa ndugu anayeishi nje ya nyumba hiyo. Risiti zangu mimi zilikuwa kabatini, na kabati liliungua. Na uwaulize wazazi wako wana nini katika nyumba ya uani: vyombo vyao viandikwe waziwazi kwamba ni vya watu wa nyumba moja nawe, la sivyo watahesabiwa kama wageni.

Mkaaji wa Bel-Air aliandika:

Fundi amepima Jumamosi. Gharama ya kujenga upya, pamoja na kifusi, uzio na nyumba ya uani, imekuwa kubwa kuliko bei niliyokuwa nimewapa mawakala, ingawa bei hiyo ilikuwa na kiwanja ndani yake. Kampuni ya pili imekubali kiasi hicho kwa dola, imeongeza dhima kwa majirani na kuwataja wazazi wangu, na kwa kuwa tumepandisha franshizi na kuacha vito, ada imezidi ile waliyoitaja mwanzoni kwa kiasi tunachoweza kukibeba. Hitilafu za umeme tumeziondoa, kwa sababu kikomo chao hakikufikia bei ya pampu, na fedha hizo zimenunua kidhibiti. Nyongeza ya ghasia bado tunasubiri bei yake kwa maandishi, nami sitatia sahihi kabla sijaiona.

Fundi wa Katuba alijibu:

Vema, ndugu. Ukiongeza ghorofa au ukifunga sola, uniite nipime tena kabla ya tarehe ya kuhuisha mkataba, nawe uwapelekee karatasi hiyo ili waandike kiambatisho.